Lililo na Linaloonekana: Vitenzi Ambavyo Kiingereza Hupimia Kauli

Binadamu hawezi kuishi kwa kusema yale tu aliyoyathibitisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake huhusu mambo aliyoyaona kwa mbali, aliyoyasikia nusunusu au aliyoyakisia kutokana na dalili, na kwa sababu hiyo kila lugha humpa msemaji njia ya kutenga lile analolijua na lile ambalo kwake linaelekea kuwa kweli. Katika Kiingereza kazi hiyo imebebwa kwa kiasi kikubwa na kundi dogo la vitenzi, ambavyo mashuhuri zaidi ni "seem" na "appear", vikifuatwa na vile vya milango ya fahamu, yaani "look" cha macho, "sound" cha masikio, "feel" cha mguso, "smell" cha pua na "taste" cha ulimi. Hapa vyote vitaitwa vitenzi vya mwonekano, ingawa si vyote vinavyohusu macho, kwa kuwa kila kimoja hueleza jinsi jambo linavyomjia mtu, wala si jinsi lilivyo lenyewe.

Uzito wa vitenzi hivi hujitokeza pale sentensi mbili zinapowekwa sambamba. Anayesema "Asha is tired" ametamka kwamba Asha amechoka na amejifunga kwa kauli hiyo, hivyo ikibainika baadaye kuwa Asha hakuchoka, msemaji atahesabiwa kuwa amekosea. Anayesema "Asha seems tired" hakujifunga kiasi hicho, kwa sababu alichodai ni kwamba dalili za uchovu zimemfikia, na dai hilo hubaki kuwa la kweli hata kama Asha alikuwa na huzuni tu. Kwa msomaji wa Kiswahili anayesoma taarifa za mashirika ya habari ya kimataifa, na kwa mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania au Kenya anayefundishwa masomo yake kwa Kiingereza, kupita juu ya tofauti hiyo ni kuyapokea makisio kana kwamba ni mambo yaliyokwisha kuthibitishwa.

Vitenzi visivyotenda

Kisarufi, vitenzi vya mwonekano ni ndugu wa kitenzi kishirikishi, yaani kitenzi ambacho hakielezi tendo bali huunganisha kiima na sifa yake, kama "be" katika Kiingereza au "ni" katika Kiswahili. Hii ndiyo sababu hufuatwa na kivumishi, ambacho husifu nomino, na si kielezi, ambacho hueleza namna tendo linavyotendeka. Katika "The child looks sad" mtoto hatendi chochote, bali anasifiwa kuwa na sura ya huzuni, ilhali katika "The child looks sadly at the door" mtoto anautazama mlango kwa huzuni, na kitenzi kilekile kimegeuka kuwa cha kutenda. Mpishi naye huweza kuonja mchuzi, ambapo kitenzi "taste" ni tendo lake, kisha mchuzi huohuo ukasemwa kwamba "tastes salty", ambapo kitenzi hakina mtendaji tena na kinatoa tu habari ya chumvi iliyozidi.

Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mtu aliyeonja, aliyenusa au aliyesikia hakutajwa popote katika sentensi, ingawa bila yeye sentensi isingekuwa na maana. Sifa imewekwa juu ya kitu, lakini imepitia kwa mtu. Kiswahili kina njia zake katika baadhi ya maeneo haya, kwa mfano kinapotenga "kunuka" na "kunukia" na hivyo kuitia hukumu ya mnusaji ndani ya kitenzi chenyewe, wakati Kiingereza huhitaji kivumishi kuisema hukumu hiyo, na "smell" kikiachwa peke yake kwa kawaida humaanisha harufu mbaya.

Kwa kuwa "seem" hueleza hali, na si tendo linaloendelea, hakiwekwi katika hali ya kuendelea, na ndiyo maana "She is seeming tired" huhesabiwa kuwa kosa. Ndugu zake wa milango ya fahamu hulegea zaidi katika suala hili, kwani mtu husifiwa kwa "You are looking well" bila kosa lolote, na kitenzi "appear" kikiwekwa katika hali hiyo huacha maana ya mwonekano na kuchukua ile ya kutokea mbele ya watu, kama mwigizaji jukwaani au shahidi mahakamani.

Asili yake

Historia ya vitenzi hivi ni kioo cha historia ya Uingereza yenyewe. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kulikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti, kimoja kikiwa na maana ya kufikiri na kingine maana ya kuonekana kwa mtu, na cha pili kilitumiwa pamoja na kiwakilishi kilichoonyesha ni kwa nani jambo linaonekana hivyo. Baadaye sauti za vitenzi hivyo ziliungana, kile cha mwonekano kikamezwa na kile cha kufikiri ambacho leo ni "think", na mabaki yake yakasalia katika neno "methinks", ambalo mtu wa leo hulichukua kuwa ni "nafikiri" ilhali maana yake ya asili ni "yanionekea".

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na maneno ya wageni. "Seem" kilitoka kwa Waskandinavia, ambao mashambulizi yao yalianza kutikisa pwani za Uingereza mwishoni mwa karne ya 8 na ambao baadaye walihamia kwa wingi mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo, na katika lugha yao neno hilo lilihusu kufaa na kustahili, maana ambayo ingali hai katika kivumishi "seemly", chenye kueleza mwenendo wa staha. "Appear" kilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, ambako kilimaanisha kujitokeza machoni. Tofauti ya asili zao haijafutika, kwa kuwa hadi leo "appear" ni neno la maandishi rasmi, la ripoti na la mahakama, na "seem" ni neno la mazungumzo ya nyumbani na la maandishi vilevile.

Washairi na watunzi wa tamthilia waliuona mapema uwezo wa maneno haya. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyoandikwa na William Shakespeare karibu na mwaka 1600, mama anamwuliza mwanawe kwa nini msiba wa baba unaonekana kuwa mzito kwake kupita kawaida, na Hamlet analikataa neno hilo la kuonekana kwa hoja kwamba nguo nyeusi na machozi ni mambo ambayo mtu anaweza kuyaigiza, ilhali kilichomo moyoni mwake hakiigizwi. Wasomaji wa Kiswahili wanalijua wazo hilo kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969, ambamo wachumba waliovutwa na visanduku vya dhahabu na fedha wanashindwa na aliyechagua kile cha risasi anashinda.

Miundo minne ya kusema jambo moja

Utajiri wa vitenzi hivi uko zaidi katika miundo ya sentensi vinayoiruhusu, ambayo kwa mtazamo wa haraka hudhaniwa kuwa na maana moja. Muundo wa kwanza ni wa kivumishi, "Asha seems tired". Wa pili huanza na kiima kisicho na mtu, "It seems that Asha is tired", ambapo "it" halimrejelei yeyote bali linajaza tu nafasi ambayo sarufi ya Kiingereza hairuhusu ibaki tupu, kama kiambishi cha mwanzo katika "inaonekana" au "yaelekea". Wa tatu hutumia kitenzijina, yaani kitenzi kinachotanguliwa na "to" kama Kiswahili kinavyotumia "ku-", na huzaa "Asha seems to be tired".

Muundo wa tatu umewashughulisha sana wanaisimu, kwa sababu Asha amekaa mahali pa kiima cha "seem" ilhali kimaana ni mali ya kitenzi cha pili, kwani anayechoka ni yeye na kinachoonekana ni uchovu wake. Peter Rosenbaum katika kitabu chake cha mwaka 1967, na Paul Postal katika kitabu cha mwaka 1974 kilichohusu suala hilihili, walieleza kwamba katika sentensi za namna hii nomino hunyanyuliwa kutoka kishazi cha ndani na kupandishwa kwenye kishazi cha juu, na nadharia hiyo ya kunyanyua kiima imekuwa nguzo mojawapo ya taaluma ya sintaksia, yaani elimu ya mpangilio wa maneno katika sentensi. Ushahidi wake hupatikana katika sentensi kama "There seems to be a problem", ambapo neno "there" halina maana ya kitu chochote kinachoweza kuonekana, na bado limepanda hadi mahali pa kiima.

Muundo wa nne huunganishwa na "like", "as if" au "as though", ukafuatwa na kishazi kizima chenye kiima chake, kama katika "Tom seems like he is cooking". Ash Asudeh na Ida Toivonen, wanaisimu waliouchunguza muundo huu katika makala yao ya mwaka 2012, walionyesha sharti lake kwa mfano wa mpishi asiyekuwepo. Ikiwa mtu ameingia nyumbani kwa Tom na kukuta sufuria inatokota na viungo vimetapakaa mezani, naye Tom hayupo jikoni, anaweza kusema "It seems like Tom is cooking", kwa sababu hali ya jikoni inatosha kuwa dalili. Lakini kwa wasemaji wengi haifai aseme "Tom seems like he is cooking", kwa sababu sentensi hiyo humfanya Tom mwenyewe kuwa chanzo cha dalili, kana kwamba ameonekana akiwa na aproni kiunoni na mwiko mkononi. Kuhamisha jina kutoka kishazi kimoja hadi kingine, jambo linalodhaniwa kuwa la mtindo tu, kunabadilisha jibu la swali la msingi katika ushahidi wowote, nalo ni wapi habari ilikotoka.

Macho, masikio na ushahidi

Uchaguzi wa kitenzi nao hujibu swali hilohilo. Anayezungumza na rafiki kwa simu akamhisi ana hasira atasema "He sounds angry", kwa sababu sauti ndiyo iliyomfikia, na "He looks angry" itamfaa tu aliyeiona sura. Kitenzi "sound" kimeenea kutoka sauti yenyewe hadi maneno yaliyobebwa na sauti, hivi kwamba mtu aliyependekezewa safari hujibu "That sounds good", akimaanisha kwamba pendekezo, kama alivyolisikia, linamridhisha, ingawa bado hajalijaribu.

Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufariki kwake, aliwalaumu wanafalsafa wenzake kwa kuvitumia vitenzi hivi kana kwamba ni kimoja, na akatoa mfano wa mtu anayedhaniwa kuwa na hatia. Kusema kwamba mtu huyo "looks guilty" ni kuizungumzia sura yake, ambayo huenda amezaliwa nayo. Kusema kwamba "appears guilty" kwa kawaida ni kuzungumzia anavyojitokeza katika mazingira maalumu, kama vile anapohojiwa, na mazingira yakibadilika huenda naye akajitokeza vingine. Kusema kwamba "seems guilty" ni kuashiria kwamba upo ushahidi fulani, japo haujatosha, unaoelekea kumtia hatiani. Sentensi ya kwanza haimdhuru mtu mbele ya hakimu, na ya tatu inaweza kumdhuru sana.

Miaka michache kabla ya mihadhara hiyo kuchapishwa, mwaka 1957, mwanafalsafa Roderick Chisholm wa Marekani alikuwa amepambanua matumizi matatu ya maneno haya. Ya kwanza ni ya kiushahidi, ambapo msemaji anaonyesha kwamba anaelekea kuamini jambo, ya pili ni ya kulinganisha, ambapo kitu kinasemwa kuwa kinaonekana kama vitu vya aina fulani vinavyoonekana kwa kawaida, na ya tatu hueleza tu jinsi kitu kinavyomjia mtu katika hisi zake. Tofauti hizo hubainika katika mchoro wa Franz Müller-Lyer wa mwaka 1889, wenye mistari miwili ya urefu uleule ambayo ncha zake zimewekewa mishale, mmoja ikitazama nje na mwingine ikitazama ndani. Mtu aliyeipima mistari hiyo kwa rula na kujua kwamba ni sawa bado atasema "The lines look unequal", kwa kuwa macho yake hayaachi kudanganyika, lakini hatasema "It seems that the lines are unequal", kwa kuwa akili yake haielekei tena kuamini hivyo. Kiingereza kimempa mtu huyo uwezo wa kuripoti upotovu wa macho yake bila kuukubali.

Ni nani anayeonekewa

Swali la mtu anayeonekewa na jambo hujibiwa waziwazi kwa kuongeza "to me", kama katika "It seems to me that the price is too high". Kirai hicho kifupi huufanya mtazamo kuwa wa mtu mmoja, na humfungulia msikilizaji mlango wa kutokukubali bila kumwita mwenzake mwongo. Kikiachwa, sentensi huelea kati ya maoni ya msemaji na yale ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyaona, na waandishi wengi hulitumia wingu hilo kwa makusudi, ili maoni yao yapate sura ya maoni ya wote.

Semantiki, yaani elimu ya maana, imelishughulikia suala hili kwa kina tangu Peter Lasersohn alipochapisha mwaka 2005 makala kuhusu maneno ya ladha na mapendezi ya mtu binafsi. Mmoja akisema chakula ni kitamu na mwenzake akakataa, wawili hao wanapingana kweli, na bado hakuna kati yao aliyekosea, jambo lisilotokea wakibishana kuhusu urefu wa mlima. Maneno ya aina hii yana sharti jingine, kwani asemaye "The cake is delicious" hueleweka kuwa ameionja keki hiyo, na asiyeionja hulazimika kusema "The cake looks delicious", ambayo kitenzi chake kinakiri kwamba hukumu imetoka machoni na haijafika ulimini. Kitenzi "find" nacho hufanya kazi ya karibu na hiyo, kwani mtu husema "I find the book boring" ikiwa amekisoma kitabu na kimemchosha, lakini hawezi kukitumia kwa idadi ya kurasa, ambayo haitegemei hisia za yeyote.

Adabu, tahadhari na sayansi

Kwa kuwa vitenzi vya mwonekano hupunguza dai, vimekuwa chombo cha adabu. Karani anayemwambia mteja "There seems to be a mistake" amelitaja kosa bila kumtaja aliyelikosea, na mgeni anayesema "I seem to have lost my key" hana shaka yoyote kwamba ufunguo umepotea, bali anaupunguza ukali wa habari anapoomba msaada. Usemi wa "I can't seem to find my glasses" ni wa ajabu zaidi, kwa sababu ukifuatwa neno kwa neno ungemaanisha kwamba mtu hawezi kuonekana kuwa anaipata miwani yake, na ukweli ni kwamba ukanushi na uwezo, ingawa vimetangulia, vyote ni mali ya kitenzi cha kupata, na maana yake ni kwamba amehangaika nayo bila mafanikio.

Wanasayansi huvitumia kwa sababu nyingine. Ken Hyland, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu lugha ya tahadhari katika makala za kitafiti, alionyesha kwamba kupunguza dai ni sehemu ya uaminifu wa kitaaluma na pia ni njia ya kuwapa wasomaji nafasi ya kulipima dai hilo. Mtafiti anayeandika kwamba dawa "appears to reduce" homa anasema data zake zinaelekea huko na hazivuki hapo, na msomaji anayeitafsiri kauli hiyo kuwa dawa imethibitishwa amemtwika mtafiti dai asilolitoa.

Zipo lugha ambazo hazimwachii msemaji hiari katika jambo hili. Alexandra Aikhenvald, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alieleza kwamba katika karibu robo ya lugha za dunia sarufi humlazimisha msemaji kuonyesha chanzo cha habari yake. Katika Kituruki kiambishi "-miş" huonyesha kwamba tendo halikushuhudiwa bali limesikika au limekisiwa, na lugha ya Kituyuka ya Kolombia na Brazili ina mgawanyo wa vyanzo vitano, ukiwemo wa kuona, wa hisi zisizo za macho na wa kuambiwa. Kiingereza hakimlazimishi mtu, na kwa hiyo anayetumia kitenzi cha mwonekano amechagua kukitumia, na uchaguzi huo unastahili kusomwa kwa makini.

Katika kalamu za Waswahili

Kiswahili hakina upungufu katika eneo hili, kwani kina "kuonekana", "kuelekea", "kuhisi" na "kudhani", pamoja na "naona" ambayo hubeba maoni ya msemaji kwa wepesi, kama katika "naona umechoka". Hata hivyo, miundo haikufanana. Kiswahili husema "Juma anaonekana amechoka", na upatanisho wa Juma hujitokeza katika vitenzi vyote viwili, jambo linalopatikana pia katika lugha nyingine za Kibantu, ilhali Kiingereza hukataa kitenzi cha pili chenye wakati wake na kudai kitenzijina au kivumishi. Mwanafunzi anayeandika "Juma seems is tired" hajakosa akili, bali amefuata sarufi iliyo halali katika lugha yake, na mwalimu anayemwonyesha chanzo cha kosa atamsaidia zaidi kuliko anayeweka alama nyekundu tu.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa wanaotafsiri habari. Sentensi "The fire appears to have started in the kitchen" ikichapishwa kama "Moto ulianzia jikoni", makisio ya wachunguzi yamegeuzwa kuwa hukumu, na mtu aliyekuwa jikoni siku hiyo amelaumiwa kabla ya uchunguzi kumalizika. Tafsiri ya haki ni "Inaelekea moto ulianzia jikoni", na gharama yake ni neno moja tu. Wahariri, walimu na wafasiri wa Kiswahili wanapaswa kulilinda neno hilo moja kila linapotokea, kwa sababu mwandishi wa kwanza aliliweka ili asidai zaidi ya alichokijua, na hakuna anayemtafsiri aliye na haki ya kujua zaidi yake.